Bwana Harusi wa Kijitoni

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

…na ndiyo maana narudia kusema kwamba Ruiru nzima hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri kunishinda, Warigia acheke mpaka achoke. Warigia ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Anauza sukuma wiki na hajui kunong'ona. Asubuhi aliniona nikimpungia Jared mkono mpaka basi la kampuni likapotea, akapaza sauti kutoka kibandani mwake: "Wewe Bridget, hajaenda Ulaya! Ni Thika tu, na jioni atarudi akitaka ugali!"

Acha aseme. Mume wake yeye hachori.

Wangu anachora. Jared Wamalwa, naandika jina lake polepole ili nilifurahie, huchora maua na miraba inayochapwa kwenye vitambaa vya pazia, katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda, Thika. Bado ni kibarua. Mwisho wa Novemba mkuu wa chumba cha michoro, Bwana Mbaluka, atachagua kibarua mmoja wa kuandikwa kazi ya kudumu. Kila mmoja alete mchoro mpya wa kichwa chake mwenyewe. Jared akichaguliwa, tunabaki katika chumba hiki chetu chenye dirisha la kijani. Asipochaguliwa, mshahara wa kibarua hautoshi kodi: tunaachia chumba, yeye anakwenda kubanana na makapera Thika, na mimi napelekwa Kimilili kuishi na mama yake. Walikubaliana hivyo kabla ya harusi. Hata mimi niliitikia. Nilikuwa nikijaribu gauni siku hiyo, ningeitikia chochote.

Hatutafika huko. Nimemwona anavyoshika penseli.

Jumatano, 5 Oktoba

Jua kali. Nimefua, nimepika maharagwe, nimemngoja.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mfereji umekauka, kwa hivyo nimeshuka na Warigia kufua kijitoni, chini ya shamba la kahawa, pale mikuyu inapoinamia maji. Na huko nimeona kitu!

Ni kereng'ende, lakini si wale wakubwa wanaotandaza mabawa kama ndege. Huyu ni mwembamba, mfupi kuliko kijiti cha kiberiti, na akitua huyakunja mabawa mgongoni kama mtu aliyefunga kitabu cha nyimbo. Tumbo lake ni buluu, buluu ambayo sijawahi kuiona hata kwenye duka la vitambaa. Miguu kwa nje ni myekundu. Kulikuwa na jike ametua kwenye gogo lililolowa, wa kahawia, humwoni mpaka asogee. Yule dume akaja akasimama hewani mbele yake, akaigeuza miguu yote amwonyeshe upande wa ndani, na upande wa ndani ni mweupe pepe! Akaitikisa na kuitikisa, kana kwamba anasema tazama, tazama, yote hii ni yako.

Nikasahau shati la Jared, likachukuliwa na maji. Warigia akaingia mpaka magotini kulikamata.

"Ngai! Unaangalia nini wewe?"

"Bwana harusi."

"Huyo ni mdudu."

"Ni bwana harusi. Mwone anavyomchezea mkewe."

"Haiya! Hii ndoa imekupanda kichwani," akasema, akanirushia shati usoni.

Jumapili, 16 Oktoba

Nimempeleka Jared moja kwa moja kutoka kanisani, na viatu vyake vizuri. Bwana Harusi alikuwepo! Alikuwa akimfukuza dume mwingine, wakipanda na kushuka uso kwa uso bila kugusana, kama wanaume wawili wanaogombania mlango. Jared akachuchumaa kuwatazama. Kisha akanishika mkono mbele ya kina mama waliokuwa wakifua, mchana kweupe.

"Bri," akasema, "wenzangu wote wanachora mananasi kwa sababu tuko Thika. Mimi nitamchora huyu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilipiga kimoja, kidogo.

Alhamisi, 20 Oktoba, Sikukuu ya Kenyatta

Amechora kutwa. Nimemchongea penseli zote. Sikuruhusiwa kupumua karibu na karatasi.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mvua imeanza, na Bwana Mbaluka ameukataa mchoro. Eti aliushika kwa ncha za vidole akauliza, "Hii ni ndege ya kwenda wapi?" Jared alichora kutoka kichwani, akayatandaza mabawa, miguu akaisahau kabisa. "Na amekalia nini huyu, kama hana miguu?"

Sijamwona huyo Mbaluka na tayari simpendi. Jared anasema ni mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu kiwanda kijengwe. Nilipomtukana kidogo, Jared akacheka. "Siku akikosa kukusema ndipo uogope," akasema. "Kwake kunyamaza ni kukufukuza."

Mume wangu ana moyo mkubwa. Mimi wangu ni wa kawaida.

Jumamosi, 29 Oktoba

Shemeji Absalom, kaka mkubwa wa Jared, amepitia kwetu. Huendesha lori la mahindi kutoka Bungoma mpaka kinu cha Thika, na lori hurudi tupu. Alikula ugali wangu, akaongeza, akafuta mikono, akakitazama kitanda, kabati, michoro ya kereng'ende, halafu mimi.

"Mulamwa," akaniita, yaani shemeji kwa lugha yao, "hivi vyote vitaingia safari moja. Pamoja na wewe na kelele zako."

"Nani amekwambia tunahama, shemeji?"

"Mama anauliza utafika lini. Nyumba ya nyuma ameshaikandika udongo upya."

"Mwambie Novemba haijaisha."

"Nitamwambia. Lakini mulamwa, umeona wapi mtu akitundika mdudu dirishani kwa hiari yake?"

Warigia alikuwa amesimama mlangoni, kana kwamba ameitwa. "Si ndivyo nilimwambia! Watu watanunua pazia na Doom ya kuulia wadudu pamoja!"

Wakacheka kama watu waliozaliwa nyumba moja. Nikaosha vyombo kwa kelele ili wajue.

Najua Mama anataka nini. Shamba ni kubwa, anataka mikono ya kupalilia. Mimi sikusoma mpaka kidato cha nne ili niolewe na Jared nikalale mbali na Jared.

Alhamisi, 3 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 4 Novemba

Mvua.

Jumanne, 8 Novemba

Kijito kimekuwa rangi ya chai ya maziwa na gogo limezama. Nimesimama na mwavuli mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Hakuna kitu. Nimejifunza tabia yake sasa: hachezi bila jua. Wingu likipita tu, hupanda kwenye majani ya mkuyu akajificha huko kama mtu aliyekumbuka jambo.

Jioni Jared huchora na kufuta, huchora na kufuta. "Mguu, Bri. Sikumbuki unavyokunjwa." Basi mimi husimama katikati ya chumba, nikanyanyua mikono, nikamchezea kama dume anavyocheza. Leo Warigia amechungulia dirishani akanikuta hivyo. Akarudi kwake polepole. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona Warigia amekosa la kusema.

Jumamosi, 12 Novemba

Jua! Nimemshika!

Jared alikuwa kazini nusu siku, nami sikuweza kungoja. Nilikwenda na shela yangu ya harusi, maana katika nyumba yetu hakuna wavu laini kama ule. Maji yameshuka, ncha ya gogo imetokeza, naye alikuwepo, amemaliza kucheza, anapumzika. Nikamfunika. Moyo ulinidunda kuliko siku ile padri aliponiuliza. Nimemtia katika mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye matundu, na jani bichi.

Jared aliporudi alinibeba akanizungusha nikagonga kabati. Jumatatu atampeleka kiwandani, na Bwana Mbaluka ataiona buluu ile kwa macho yake mwenyewe. Hatufungui mkebe mpaka hapo, asije akatoroka.

Mimi ndiye niliyemshika. Na kwa shela!

Jumatatu, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi aliondoka na mkebe chini ya koti kama anayebeba yai. Nilimpungia mkono na Warigia naye akapunga, kwa utani. Mchana kutwa niliimba. Nilinunua nyama.

Jioni alirudi, akaketi kitandani bila kuvua koti, akanipa mkebe. Nikafungua. Ndani kulikuwa na kijiti cha kahawia chenye mabawa. Miguu imejikunja kifuani. Hakukuwa na buluu. Hata wekundu umekuwa kama kutu. Kumbe akifa rangi humtoka, huondoka naye, na sisi tulikuwa hatujui. Ningejuaje? Kipepeo ukimweka katika kitabu hukaa mwaka na rangi zake.

Ilinibidi kumvuta maneno moja moja. Alimwita Bwana Mbaluka mezani. Wachoraji wote wakaja, hata wale wa mashine ya kuchapa. Jared akasema kwa sauti, "Hii ndiyo buluu niliyowaambia," akafungua. Bwana Mbaluka akainama, akaangalia muda mrefu, akasema, "Kijana, umeniletea kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka." Chumba kizima kikacheka. Mtu mmoja akauliza kama ndiyo mboga aliyofungiwa na mke wake.

"Akasema nini tena, Bwana Mbaluka?" nikauliza.

"Hakusema tena."

Hapo nikaelewa. Amenyamaza.

Nyama haikuliwa. Jared hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Andika kwa Mama, tumwambie aendelee kutayarisha." Mimi nimekataa. Nimemwambia kalamu imeisha wino, na hii hapa naandika nayo.

Jumanne, 15 Novemba

Mvua. Jared amechora nanasi.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimefanya jambo. Jared nimemwambia baadaye.

Kumbe Bwana Mbaluka anakaa hapa hapa Ruiru, ng'ambo ya reli. Warigia ndiye aliyeniambia, maana humpelekea mboga mke wake. "Lakini jitayarishe," akasema, "huyo mzee hata mbwa wake hubweka kwa adabu." Halafu akafunga kibanda chake saa ya wateja akanisindikiza mpaka langoni. Sikumtarajia.

Nilimkuta uani akinoa kisu. Nikamwamkia. Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ndiye mke wa yule wa kijiti?"

"Ndimi. Na kijiti ni changu. Nilimshika mimi, kwa shela yangu."

"Ulimshika na nini?"

"Na shela ya harusi, Mzee."

Ndani ya nyumba mwanamke akacheka. Bwana Mbaluka akaweka kisu chini.

"Mama, mimi nimezeeka kwenye vitambaa. Vijana huniletea hadithi za rangi kila siku. Rangi ninayoiamini ni ile niliyoiona."

"Ndiyo nimekuja kukwambia, Mzee. Njoo uione. Akiwa hai, kwake, si kwenye mkebe. Kesho ukitoka kanisani."

Alinyamaza nikaogopa. Kisha akasema, "Kukinyesha siji."

"Kukinyesha hata yeye haji."

Naapa alitaka kucheka. Mdomo ulipinda upande mmoja.

Jumapili, 20 Novemba

Imenyesha tangu alfajiri. Hakuja. Wa kijitoni pia hakuja.

Jumatano, 23 Novemba

Mvua. Mama wa Jared ametuma salamu kwa dereva mwenzake Absalom: niende na mbegu za sukuma wiki, za kwao hazioti vizuri. Nimemwomba Warigia mbegu, kisha nikalia mbele yake. Hakunitania. Alisema, "Mimi pia nilipelekwa kwa mama mkwe. Miaka mitatu." Akanipa mbegu, na chai.

Jumapili, 27 Novemba

Ni jioni, na nitaandika yote.

Asubuhi ilikuwa na mawingu. Jared alikataa kwenda kijitoni. Alisema mzee hawezi kuja, na akija tutaaibika mara ya pili. Nikamwambia, "Nilikuoa—" na akacheka, kwa sababu ni yeye aliyenioa. Basi akaja, akibeba karatasi bila matumaini.

Bwana Mbaluka alikuja! Alishuka mteremko wa kahawa na suti ya kanisani, mwavuli mkononi, viatu vinang'aa. Hakumwamkia Jared, alitikisa kichwa tu. Tukasimama chini ya mikuyu sote watatu kama watu wanaongoja maiti. Warigia alikuwa huko chini akifua blanketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifua bila sauti.

Tukangoja. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Mzee akaangalia saa. Jared akaangalia viatu vya mzee vikizama matopeni. Nilisali kwa maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Kisha wingu likafunguka. Jua likapenya katikati ya majani likaangukia gogo, na jike alikuwa pale, sijui tangu lini. Na kutoka juu ya mkuyu akashuka Bwana Harusi.

Si yule niliyemuua, najua. Ni mwingine. Lakini buluu ni ile ile! Akasimama hewani mbele ya jike, akageuza miguu, na weupe ukawaka. Kushoto, kulia, kushoto. Nikafungua mdomo nimweleze mzee.

"Hebu nyamaza, mama," akasema taratibu. Akapiga goti. Kwenye matope, na suti ile!

Alitazama mpaka jike akaridhika, wakashikamana wakashuka pamoja kwenye ubichi wa gogo. Kisha akazungumza bila kugeuka.

"Wamalwa. Nyekundu ina fremu yake. Buluu ina fremu yake. Kahawia pia. Ile nyeupe ya miguu utaichapa na fremu ipi?"

Mimi sikujua jibu. Jared huniambia kila rangi huchapwa kwa fremu yake yenye wavu, moja baada ya nyingine. Nilidhani atasema ya nne. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa haangalii mzee wala mimi, anaangalia miguu ile.

"Hakuna fremu, Mzee," akasema. "Sitaichapa. Nitaiacha. Rangi zote zizunguke, na kitambaa chenyewe ndicho kiwe mguu."

Maji yalipita. Warigia aliacha kukamua blanketi.

"Na huyo wa kahawia?" mzee akauliza. "Wengi wangemtoa. Hana rangi ya kuuza."

"Nikimtoa, dume anamchezea nani?"

Bwana Mbaluka akainuka, goti moja jeusi kwa tope. "Kesho saa moja asubuhi uwe mezani," akasema. "Na usiniletee nanasi. Nikiona nanasi lingine nitalia." Akapanda mteremko akitumia mwavuli kama bakora.

Hapo ndipo nilipopiga vigelegele vyote vilivyokuwa ndani yangu tangu harusi yetu ya Agosti, na Warigia akaitikia kutoka majini, na wale wawili wa kwenye gogo wakaruka.

Hakuna aliyemfundisha jibu lile. Ni lake. Huyo ndiye mume wangu.

Jumatano, 30 Novemba

Ameandikwa! Kazi ya kudumu! Bwana Mbaluka amemsema mchana kutwa kwamba mistari yake ni minene.

Ijumaa, 9 Desemba

Kitambaa kimetoka. Jared ameniletea kipande cha mwanzo wa mtambo, chenye kasoro pembeni, ambacho huwaachia wafanyakazi. Maji ya kijani, magogo, madume ya buluu, na kila dume ana jike wake wa kahawia. Nimeweka kidole kwenye mguu mmoja. Hakuna rangi hapo. Ni kitambaa kitupu, na bado unacheza.

Warigia amekishika mara ngapi sijui. "Hiki cha dirisha langu kitapatikana lini?"

"Na Doom je?"

"Nyamaza wewe," akasema, akakipeleka kuwaonyesha wateja wake. Aliwaambia alikuwepo siku mzee alipopiga goti. Aliwaambia yeye ndiye aliyemwona mdudu kwanza. Nimemwachia.

Jumapili, 11 Desemba

Lori limesimama nje asubuhi, tupu, na kamba za kufungia kitanda. Yule dereva tuliyempa habari za kazi hakuwa amezifikisha. Absalom aliingia akikunja mikono ya shati, akaliona dirisha na pazia lake jipya, akasimama.

"Hao ndio wale?"

"Ndio wale, shemeji. Na hatuhami. Ndugu yako ameandikwa kazi ya kudumu."

Aliketi kwenye kiti chetu kimoja. Akampiga Jared bega mara nyingi, akasema jina la baba yao, marehemu, akajifuta uso kwa mkono. Nikajitayarisha kusikia kuhusu shamba na kupalilia.

"Mama atafurahi," akasema. "Atalia, lakini atafurahi."

"Alie kwa nini? Kwa kukosa mtu wa kulima?"

Absalom akanitazama kana kwamba nimesema Kichina. "Kulima? Mulamwa, kulima wapo vijana wa jirani. Tangu Baba afariki, Mama hupika sufuria ile ile ya watu wengi halafu hula peke yake. Alikuona siku ya harusi ukicheka mpaka shela ikaanguka. Akasema, huyo akija, nyumba itakuwa na sauti."

Nimekuwa nikimwandika vibaya mwanamke huyu tangu Oktoba, na yeye alikuwa akikandika ukuta akingoja kucheka kwangu. Jared alinishika mkono, mbele ya kaka yake, na safari hii mimi ndiye niliyeona haya.

Tulikula. Absalom aliongeza tena. Tulipomsindikiza barabarani aliwasha injini akatoa kichwa nje. "Sasa nimwambie nini? Ameshatandika."

Nilipanda kwenye ngazi ya lori ili anisikie vizuri juu ya mngurumo.

"Mwambie asinitandikie kitanda cha kukaa," nikasema. "Anitandikie cha mgeni. Apike ile sufuria kubwa, na mtu asile kabla yetu. Tunakuja, mimi na Jared wangu, kabla mwezi huu haujaisha."